Urefu wa Jicho la Kushoto la Bayumi

Mimi sikusomea udaktari. Sikusomea chochote. Shule niliiacha darasa la sita nikaingia kiwanda cha vioo, na yote ninayoyajua niliyaokota kwenye magazeti ya kufungia maharage na vijitabu vilivyopigwa marufuku, nikivisoma chooni huku msimamizi akigonga mlango. Lakini nambari mbili nazijua kama ninavyolijua jina la mama yangu: ishirini na tatu na nusu, na ishirini na tisa. Ni milimita. Ya kwanza ni urefu wa jicho la kulia la Bayumi, kutoka kioo cha mbele hadi pazia la nyuma. Ya pili ni ya jicho lake la kushoto. Tofauti yazo haizidi upana wa punje ya njegere, na humo ndimo jicho lilimopotelea.

Bayumi alikuwa mpulizaji wa chupa, mkono wa kwanza, yaani fundi mkuu, pale Shubra, pembeni mwa Kairo. Tuliingia tanurini mwaka mmoja, sitini na sita, sote na miaka kumi na minne, na tulitoka siku moja, mwaka elfu mbili na sita, walipouza kiwanda tukiwa ndani kama watu wauzavyo nyumba yenye panya. Leo pale kuna maghorofa. Kwenye lango wamepanda maua.

Moto wa tanuri hauli ngozi tu. Unakaanga jicho polepole. Fundi akifika hamsini, lenzi yake inaanza kuwa nyeupe kama yai linaloiva, na sisi tuliita hivyo, "kuiva." "Fulani ameiva." Tulicheka. Mtu akikosea kumimina chai, tunamwambia, "Mwenzetu umeiva, tukutie chumvi?" Kumbe tulikuwa tunachekea maziko yetu wenyewe.

Kufikia mwaka wa elfu mbili na kumi na tisa Bayumi alikuwa ameiva pande zote mbili. La kulia lilibaki na mwanga kidogo, la kushoto lilikuwa ukuta. Mkewe alishafariki. Alikaa peke yake ghorofa ya nne nyuma ya mfereji, akipanda ngazi kwa kuhesabu. Mwezi wa pili aliwasha jiko, akashika moto badala ya sufuria. Binti yake Wafaa akaja kutoka Tanta, akaona mkono umefungwa kitambaa, akakaa chini akalia. Kisha akasema neno ambalo Bayumi aliliogopa kuliko giza.

"Baba, Ramadhani ikiisha unahamia kwetu."

"Kwenu wapi? Kwa mama mkwe wako?"

"Kuna chumba."

"Kile mnachowekea viazi?"

"Viazi tutavitoa."

"Mwanangu, mumeo tangu akuoe ananiita mzee wa chupa. Nikifika pale atanipanga na chupa."

Wafaa hakucheka. Alinitazama mimi. "Ami Sirag, mwambie. Wewe anakusikia."

Kweli alinisikia. Huo ndio msiba wa hadithi hii. Nikamwambia Wafaa ampe muda hadi sikukuu. Akipata kuona, anabaki kwake. Asipoona, mimi mwenyewe nitambebea godoro. Wafaa akakubali, na Bayumi akakubali kwa kunyamaza.

Mwezi wa nne ukaja msafara wa macho. Shirika la hisani, jina silitaji, hata wakinilipa, lilipiga hema kwenye uwanja wa shule. Waliofadhili walipigwa picha kwanza, wagonjwa wakapimwa baadaye. Nilimshika Bayumi mkono tukasimama kwenye foleni tangu alfajiri, yeye amevaa koti lake la harusi ya Wafaa.

"Unakwenda kuoa?" nikamuuliza.

"Nakwenda kuona. Nani ajuaye nitakayemwona wa kwanza? Nisije nikamtisha."

"Utaniona mimi."

"Basi wakinifungua nitaomba wanifunge tena."

Msichana aliyepima macho aliitwa Nirmin. Mdogo, mchapakazi, kitambaa cha kijani kichwani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nasema haya kwa sababu kwa wiki nyingi nilitaka awe mtu mbaya, na hakuwa.

"Ami, weka kidevu hapa. Paji la uso huku. Tazama taa nyekundu, usipepese."

"Binti yangu, mimi nimelitazama tanuri miaka arobaini sikupepesa. Hako kataa kako kananifanya nini?"

Nirmin akainua kichwa. "Ulikuwa fundi wa vioo?"

"Chupa."

Akaandika kitu kwa kalamu nyekundu. Bayumi, ambaye hakuona kalamu lakini alisikia karatasi, akauliza amekosa nini. Nirmin akamweleza, na namshukuru, maana wengine hutusemesha kama mbuzi. Alisema lenzi ya jicho imo ndani ya kijifuko chembamba kuliko ngozi ya kitunguu, na kijifuko kimeshikwa pembeni kwa nyuzi. Kwa watu wa tanuri nyuzi hizo hulegea. Daktari akishatoa lenzi iliyoharibika, anatia ndani ya mfuko pete laini ya kuutandaza, usijikunje, ndipo anaweka lenzi mpya. Pete lazima ilingane na mfuko.

"Na mfuko mnaupimaje na umo ndani?"

"Hatuupimi, ami. Tunaukisia. Tunapima urefu wa jicho na upana wa kioo cha mbele, kompyuta inakisia mfuko una ukubwa gani."

Bayumi akatabasamu, akanigeukia pale alipodhani nipo. "Umesikia, Sirag? Wanatazama shingo na kimo cha chupa, wanakisia tumbo." Kisha kwa Nirmin: "Mimi hiyo nimeifanya tangu kabla mama yako hajaolewa. Chupa ndefu, tumbo kubwa. Pete ndogo ndani ya tumbo kubwa itacheza."

"Hasa," Nirmin akasema. "Itacheza, na lenzi itacheza nayo."

Yaani alielewa. Nataka msomaji alijue hilo kabla ya yanayofuata. Bayumi alielewa kuliko sisi sote.

Mashine ikasoma jicho la kulia: ishirini na tatu na nusu. Jicho la kawaida. Ikahamia la kushoto ikagoma. Nirmin akajaribu mara tano. Taa haikupenya ule weupe. Akasema kuna kifaa kingine, cha kupimia kwa sauti, ambacho hakijali weupe, lakini chao kimeharibika tangu Jumanne na kipo Kairo kwa fundi. Kwa hiyo inabidi achukue vipimo vya jicho la kulia aviandike kushoto pia, kwa kuwa macho ya mtu kwa kawaida hulingana.

"Ila lazima nikuulize, ami, na unijibu sawasawa. Kabla ya ukungu huu, macho yako yalikuwa yanaona sawa? Halikuwepo moja la mbali na moja la karibu? Kama hayakulingana niambie. Nitakuandikia barua ya Kairo, watakupima vizuri huko."

Na Bayumi akajibu pale pale, mgongo umenyooka, sauti ya kijana wa miaka thelathini:

"Pacha, daktari."

Sauti ile naijua. Niliifundisha mimi.

Mwaka wa themanini na sita kiwanda kilileta sheria: kila fundi apimwe macho kila mwaka, na ambaye macho yake hayalingani anaondolewa tanurini anapelekwa kufunga chupa kwenye majani makavu kwa nusu mshahara. Walisema ni usalama. Usalama gani! Walitaka kuwashusha mafundi wa zamani waweke vibarua. Watatu walishushwa wiki ya kwanza. Mmoja wao, Handusa, alikuwa na watoto saba, na mkewe alianza kuosha ngazi za watu.

Chama cha wafanyakazi kilituma barua. Mimi nilitumia akili. Mke wa mfagiaji wa zahanati alinakili kwa penseli ile chati ya ukutani, yale maduara yaliyokatwa upande mmoja, juu, chini, kushoto, kulia. Nikawakalisha wenzangu nyuma ya kantini wakaikariri kama Kurani. "Juu, kulia, chini, chini, kushoto." Watu wazima, masharubu yamejaa, wanaimba maduara. Na nikawafundisha kwamba daktari akiuliza macho yakoje, jibu ni neno moja, lisemwe haraka, bila kufikiri: pacha. Ukifikiri umekwisha.

Bayumi ndiye aliyehitaji zaidi. Tangu utotoni jicho lake la kushoto lilikuwa la karibu sana. Kwa mbali halikuona kitu. Kwa karibu liliona zaidi ya binadamu. Aliinua chupa hadi ikagusa kope akakuta punje ya hewa ambayo mkaguzi mwenye lenzi hakuiona. La kulia lilitazama moto, la kushoto lilitazama kazi. Ndiyo maana alikuwa mkono wa kwanza. Kwa karatasi ya daktari, angekuwa kilema.

Watu mia na arobaini walipita mtihani ule. Hakushushwa mtu tena. Walinibeba mabegani hadi kwenye mkahawa, na nakiri, hadi leo nikiikumbuka siku hiyo kifua changu hujaa.

Nakiri na hili pia, ingawa linaniunguza. Mwaka elfu mbili na nne, macho yalipoanza kuiva kwa mafungu, nilikusanya saini tukaenda mahakamani kudai fidia. Wakili wa kiwanda akaja na kikapu. Ndani yake mlikuwa na karatasi za zahanati za miaka kumi na minane, kila mtu, kila mwaka: macho sawa, macho sawa, macho sawa. "Mheshimiwa," akasema, "hawa ni watu wenye macho bora kuliko mimi." Hakimu alicheka. Mimi nilikuwa na kumbukumbu ya kila mgomo, kila jina, kila tarehe, na sikuwa na karatasi hata moja ya kusema moto ulitula. Nilikuwa nimeifuta kwa mkono wangu.

Sasa Nirmin alikuwa ameinua kichwa ananitazama mimi.

"Wewe ami unamjua tangu zamani? Ni kweli?"

Nilikuwa na muda wa pumzi moja. Niliwaza foleni ya Kairo: Abdel-Sami wa tanuri la pili aliandikiwa barua kama hiyo akasubiri miezi kumi na minne, akaitwa siku ya arubaini ya kifo chake. Niliwaza sikukuu imebaki wiki saba na chumba cha viazi. Lakini nisijipambe. Kilichonifungua mdomo hakikuwa hayo. Ilikuwa ile chuki ya zamani: mwenye koti jeupe akikuuliza, usimpe kitu.

"Tangu tukiwa na miaka kumi na minne," nikasema. "Pacha."

Akaandika ishirini na tatu na nusu, mara ya pili.

Alhamisi Dakta Hilal, daktari wa msafara, akampasua jicho la kushoto. Alituambia mfuko ulikuwa dhaifu, unamenyeka kwa tabaka, na kwamba ametia pete kama ilivyopangwa. Ijumaa asubuhi Nirmin akafungua bandeji. Bayumi alipepesa. Alinyanyua mkono wake ulioungua, akausogeza, akausogeza, hadi ukakaribia kugusa pua.

"Naona mistari ya kiganja," akasema. "Sirag. Naona hadi lile kovu la mwaka sabini na moja."

"Na mimi, ami?" Nirmin akauliza. Alikuwa umbali wa hatua mbili.

"Wewe ni wingu la kijani, Mungu akuhifadhi. Jicho langu limerudi lilivyokuwa."

Dakta Hilal alikunja uso. Alisema huenda ni uvimbe, atapewa miwani baadaye, akaenda kwa mgonjwa wa thelathini na sita. Bayumi alikuwa anacheka na machozi yanatiririka. Mimi nilikuwa nimeshikilia koti lake, najua kwa nini jicho limerudi lilivyokuwa, maana lenzi ilikuwa ya vipimo vya jicho jingine, na sikusema.

Wiki tano alikuwa mfalme. Alisoma gazeti likiwa limegusa ndevu zake. Alipika. Alimpigia Wafaa simu akamwambia viazi vikae vilipo. Wiki ya sita, siku mbili kabla ya sikukuu, akanipigia mimi.

"Sirag, kuna kitu kinabembea."

"Wapi?"

"Ndani ya jicho. Nikigeuka kinachelewa, halafu kinakuja."

Nilipofika alikuwa amekaa kitandani ameshika kichwa kwa mikono miwili, kama abebaye beseni la maji asitake limwagike. Jioni ile lenzi na pete na mfuko wake vikaporomoka pamoja. Asubuhi alisema amevutiwa pazia jeusi kutoka chini.

Mimi na Wafaa tukampeleka Kairo, kwa mlango wa dharura; ukiwa unakufa hawakuulizi barua. Daktari pale alikuwa mwanamke mtu mzima, Dakta Ilham, mwenye sauti ya mwalimu. Alilipima jicho kwa kile kifaa cha sauti. Kilikuwa kidogo kama kalamu, kilichukua dakika mbili. Akaangalia nambari, akapima tena.

"Ishirini na tisa. Nani aliandika ishirini na tatu na nusu? Jicho refu hivi mfuko wake ni mkubwa, alihitaji pete kubwa kabisa. Hii waliyotia ilikuwa inaelea. Na lenzi yenyewe ni ya jicho la mtu mwingine."

"Linaokoka?" Wafaa akauliza.

Dakta Ilham akakiweka kifaa mezani. "Pazia la nyuma limebanduka lote. Tutajaribu. Msitumaini."

Walijaribu. Halikuokoka.

Sasa sikiliza nilichofanya, mimi mtetezi wa wanyonge. Nilikwenda kukusanya watu. Wazee kumi na wawili wa tanuri, wengine wakishikana mabega kwa kutoona, na bango la katoni: HISANI INAYOPOFUA. Msafara ulikuwa umehamia Qalyub. Tukaingia uwanjani, nikapanda kwenye kiti, nikafungua koo. Nilisema juu ya kifaa kilichoharibika Jumanne. Nilisema juu ya picha za wafadhili. Yote yalikuwa kweli, kila neno, na watu kwenye foleni walianza kupiga makofi.

Nirmin akatoka na jalada. Hakupandisha sauti.

"Ami, nilimuuliza. Imeandikwa hapa nilimuuliza. Akasema pacha. Nikakuuliza na wewe." Akageuza karatasi. Chini, kwa kalamu nyekundu: *Mgonjwa na rafiki yake wa miaka mingi wanathibitisha macho yalikuwa sawa.* "Mngeniambia, ningempa barua. Mlidhani nawapima ili niwafukuze kazi?"

Makofi yalikatika. Nilibaki juu ya kiti. Zaghlul, aliyekuwa ameshika bango kichwa chini kwa sababu haoni, akauliza, "Sirag, anasema kweli?"

"Kifaa kilikuwa kimeharibika," nikasema.

"Sikukuuliza kifaa."

Handusa, yule yule wa watoto saba, akacheka kicheko kikavu. "Pacha," akasema, akatema mate, akaanza kupapasa kuelekea lango. Wengine wakamfuata wakishikana nguo. Mimi nilishuka kwenye kiti, na nilipotaka kumshika Zaghlul mkono nimwongoze akauvuta.

Bayumi hakunitukana. Ningependa angenitukana. Mwezi wa saba aliitwa Kairo kwa ajili ya jicho la kulia, na Wafaa akanipigia simu niandamane nao, kwa kuwa mimi najua kusema na madaktari. Tulikaa chumbani watatu mbele ya Dakta Ilham. Akafungua jalada jipya, jeupe, akasema, "Haya, mzee wangu. Nataka historia ya macho yako tangu mwanzo."

Bayumi akasema, bila kugeuka:

"Sirag, toka nje."

"Nini?"

"Toka nje, ndugu yangu. Nataka kumwambia kweli, na wewe ukiwa humu ulimi wangu unakumbuka mambo mengine."

Nilimtazama Wafaa. Wafaa alitazama sakafu. Nikatoka, nikakaa kwenye benchi la chuma. Mlango haukufungika vizuri. Nilimsikia akianza na shule ya Kurani, alipokuwa na miaka sita, ubao haumo machoni hadi alifunike jicho la kushoto. Alisimulia chupa, alisimulia moto. Alisimulia nyuma ya kantini. Akataja mwaka, akataja jina langu, bila hasira, kama mtu anayetaja dawa aliyowahi kumeza. Dakta Ilham aliuliza, na yeye akajibu polepole, baada ya kufikiri.

Alipotoka alikuwa na karatasi mkononi. Kulia kumepimwa kwa vifaa vyote viwili, pete imeandikwa ukubwa wake, tarehe ni mwezi wa pili mwakani. Miezi saba. Hadi wakati huo hawezi kukaa peke yake na moto na ngazi. Hakuna aliyekitaja chumba cha viazi, ilijulikana.

Nilinyoosha mkono nimsomee. Yeye aliukunja ule waraka mara mbili, akampa Wafaa.

Jumamosi nilipanda ghorofa ya nne nikabeba godoro. Nilikuwa nimeahidi. Bayumi alikuwa ameshatangulia kwenye gari, koti la harusi limemlalia magotini. Niliweka godoro nyuma, nikasimama dirishani upande wake wa kulia, ule wenye mwanga kidogo, nikangoja aseme neno. Akamwambia dereva aondoke kabla barabara ya Tanta haijajaa.